Samaki wa Kabati la Chipsi

Mwaka juzi binti yangu alikuja nyumbani Pasua kutoka chuoni Morogoro akiwa na begi la nguo chafu na kopo la siagi ya karanga lililojaa maji. Begi alilitupa pale mlangoni. Kopo alilishika kwa mikono miwili, akalitua juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akaniambia nisogee nione.

Nilisogea. Niliona maji.

"Angalia pembeni, mama. Tafuta macho."

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na mpaka leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini macho ya kiumbe huyo yalinichukua muda kuyapata. Yalikuwa nukta mbili nyeusi, na nyuma yake kitu kama kipande cha uzi wa kijivu kinachotikisika. Binti yangu alisema ni samaki wa beta, wale wa mapambo wenye mapezi marefu kama gauni la harusi. Huyu alikuwa na wiki tano tu tangu aanguliwe, na alipewa na mwanafunzi mwenzake anayewazalisha.

"Gauni liko wapi?" nilimuuliza.

"Bado halijaota. Sasa hivi anataka maji ya uvuguvugu, tangi lake mwenyewe, na chakula kidogo kidogo mara nne kwa siku."

Nilimwambia hata yeye sikumlisha mara nne kwa siku. Alicheka, lakini hakubisha, na binti yangu asipobisha huwa kuna jambo. Kesho yake jambo likatoka: anakwenda mafunzo ya vitendo Mwanza, safari ni ndefu, na samaki mchanga hawezi kuivumilia. Ni wiki nane tu, alisema. Akaniandikia maelekezo nyuma ya karatasi ya vipimo vya sketi, akaniagiza nitengeneze tangi, akaondoka.

Nilikwenda kwa fundi vioo wa mtaani kwetu. Ni mtu mzuri, lakini anachotengeneza siku zote ni madirisha na makabati ya chipsi. Nilimweleza nataka sanduku la kioo, lisilovuja, la kuwekea samaki.

"Wa kukaanga?"

"Hapana. Mzima."

Alifikiri kidogo. "Mlango nikuwekee upande gani?"

Nilimweleza kwa nini sanduku la maji halina mlango. Alinielewa, akapima, akaandika. Nilipolifuata baada ya siku tatu, mlango kweli hakuweka, lakini mkono wake ulikuwa umezoea: juu ya mfuniko alikuwa amefunga taa, balbu ya njano ya kupashia chipsi, na waya wake. Nilitaka kulalamika. Binti yangu nilipompigia simu alifurahi kuliko nilivyomsikia akifurahia kitu chochote nilichomnunulia. Alisema samaki hawa huja juu kuvuta hewa, na wakiwa wadogo hewa ya juu ya maji inatakiwa iwe na joto. Basi samaki wangu akahamia kwenye kabati la chipsi, na taa ikawaka juu yake.

Hakukaa hata wiki mbili kwa raha. Mama yangu kule Machame alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na akahitaji mtu wa kukaa naye. Kikao cha ndugu kilifanyika kwenye simu. Wenzangu wote wako Dar, na wote walikubaliana haraka sana kwamba kazi yangu inabebeka. Nilikuwa nakata kola wakati huo, sikusikiliza vizuri, na nilipomaliza kukata nilikuwa nimeshachaguliwa.

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye pikapu, hupeleka pumba na mashudu ya ng'ombe mlimani kila wiki. Alinipakia na cherehani yangu. Tangi tupu tulilizungushia blanketi tukalilaza juu ya magunia. Samaki nilimweka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, ndani ya maji ya uvuguvugu, nikaipakata kwa safari nzima na kuifungua kila baada ya muda ili apate hewa. Tulipopunguza mwendo sokoni, mwanamke mmoja aliangalia nyuma ya gari akauliza kama nahamishia biashara ya chipsi Machame. Mzee akamjibu kwamba ndiyo, tunaanza Jumatatu.

Nilifika nikakuta nyumba ina wageni. Kinamama wa kanisani, watano, walikuwa wamekuja kumpa mama pole. Mama alikaa katikati yao na bandeji nyeupe kwenye jicho la kulia. Jicho la kushoto nalo lilikuwa na ukungu, likisubiri zamu yake. Niliwapa shikamoo wote, nikaweka chupa mezani, nikatoka kumsaidia mzee kushusha cherehani. Mezani kulikuwa na chupa nyingine mbili za chai na sahani ya ndizi za kuchoma. Hilo sikulitazama.

Niliporudi ndani, mama mmoja mnene, mwenye sauti nzuri ya kwaya, alikuwa ameshajimiminia kikombe. Alikiangalia, akanigeukia kwa upole wa mtu asiyetaka kuaibisha wenyeji.

"Mwanangu, chai hii umesahau majani."

"Mama, usinywe," nilisema. "Kuna mtu humo."

Kikombe kilibaki hewani. Mwenzake aliyekaa jirani alichungulia, akasema haoni mtu, anaona unyoya. Nilikichukua kikombe kwa adabu zote nilizofundishwa katika nyumba hiyo, nikapekua kwa macho, nikamkuta yule kijana chini kabisa, karibu na ua la kikombe, akipumua. Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga zaidi: kwamba ni samaki, kwamba haliwi, kwamba ni wa binti yangu, kwamba ndiye aliyekuwa amepanda pikapu mapajani mwangu. Kinamama walinisikiliza kwa makini. Yule mwenye sauti alisema watu wa mjini wana mambo, kisha akaomba tufunge kwa sala. Aliomba kwa ajili ya jicho la mama, kwa ajili ya safari yangu, na mwishoni, baada ya kusita, akasema, "na viumbe vyako vyote, Bwana, hata vidogo sana." Nilisikia mtu anakohoa kuficha kicheko. Nadhani alikuwa mama yangu.

Tangi nililiweka kwenye meza ndogo karibu na kiti chake. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yameoshewa mchele. Mimi nilikuwa tayari kuyamwaga yote na kusugua vioo kwa sabuni, kama ninavyosugua sufuria, lakini binti yangu alinizuia kwa simu. Tangi jipya hufanya hivyo, alisema. Toa vikombe viwili tu kila asubuhi, rudisha vikombe viwili vya maji yaliyolala siku nzima kwenye ndoo, yawe na joto lilelile. Sikuwa na kipimajoto cha maji, kwa hiyo nilipima kwa kiwiko, kama tulivyokuwa tunapima maji ya kumwogeshea mtoto.

Mama alikuwa ananisikiliza. Kuona alikuwa haoni vizuri, lakini masikio yake hayajawahi kuugua.

"Unafanya nini hapo kila asubuhi?"

"Nambadilishia maji."

"Unatoa maji, unaweka maji."

"Ndiyo, mama."

"Na mchana?"

"Namlisha."

"Unalisha maji."

Nilimwambia samaki yumo. Alinijibu kwamba sawa, kama nimesema yumo basi yumo. Baadaye nilimsikia akimweleza kaka yangu kwenye simu, bila kupunguza sauti, kwamba mimi niko vizuri, napika vizuri, isipokuwa nina sanduku la maji ambalo nalitunza, na wasinigombeze maana mtu akikaa peke yake muda mrefu huwa hivyo.

Chakula chenyewe kilikuwa kiini cha yai lililochemshwa. Unachovya ncha ya kijiti cha meno, unatikisa majini, inatosha. Kwa hiyo kila siku nilichemsha yai zima la kuku wa mama, samaki akala chembe inayolingana na nukta, na yai lililobaki likawa linaniangalia. Nilimpa mama. Siku za kwanza alilipokea kwa mashaka, akiuliza kama ni makombo ya samaki. Nilisema ndiyo. Wiki ya pili alikuwa anauliza mwenyewe, "Mwenzangu hajala bado?" na akitia chumvi kabla sijajibu. Daktari alipomwangalia alisema amenawiri.

Kisha umeme ukakatika. Ilikuwa mwezi wa saba, na huko juu mwezi wa saba si mchezo: ukungu unashuka mpaka migombani, na maji ya bomba yanauma vidole. Taa ya chipsi ilizimika saa tano asubuhi. Saa saba nilitia kiwiko nikashtuka. Samaki alikuwa amekaa chini, rangi imempotea, hatikisiki. Nilichemsha maji, nikajaza chupa ndogo, nikaiweka ndani ya tangi ielee. Ikapoa. Nikachemsha nyingine. Nilizungushia tangi blanketi, nikazungushia na khanga, nikawa nakwenda na kurudi jikoni kama niliyefiwa.

Mama alivumilia mpaka chupa ya nne.

"Kwani anataka joto la kiasi gani?"

"La uvuguvugu tu. Kama la mtoto mchanga."

"Vifaranga wangu nao wanataka hivyohivyo," alisema. "Mpeleke kwa wenzake."

Vifaranga walikuwa stoo, kwenye uzio wa maboksi, wamezunguka chungu chenye makaa kilichofunikwa kwa bati lenye matundu. Mama alikuwa amekatazwa moshi na kuinama kwa sababu ya jicho, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakitunza chungu hicho kila siku, na wazo hilo halikunijia hata mara moja. Nilibeba tangi, nikalitua kwenye matofali mawili ndani ya uzio. Vifaranga walitawanyika, wakarudi, wakalikagua. Kabla ya saa tisa, watatu walikuwa wamepanda juu ya mfuniko wamekaa, kwa sababu kioo kilikuwa kimepata moto, na chini yao samaki alikuwa ameinuka kutoka chini. Mmoja alikuwa anamdonoa kupitia kioo. Kila akidonoa, samaki alisogea kidogo, kama mtu anayepisha wapita njia.

Umeme ulikaa siku mbili bila kurudi. Uliporudi sikumhamisha. Alikaa na kuku mpaka mvua za ukungu zilipokwisha, na mama akawa anawaambia watu kwamba tuna vifaranga thelathini na mmoja, mmoja wao hana miguu.

Alipokua hadi ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, binti yangu akaagiza apewe nyama: viluwiluwi vya mbu. Tatizo ni kwamba kwa mama, kwa ile baridi, mbu ni wa kutafuta. Pasua, kinyume chake, tunao wa kugawa. Nilimpigia mzee wa pikapu. Hakuniuliza swali hata moja, akaniletea ndoo ndogo yenye mfuniko aliyoichota kwenye pipa la nyuma ya nyumba yangu, ikicheza kwa viluwiluwi. Niliiweka nyuma ya migomba.

Mhudumu wa afya wa kijiji alipita siku iliyofuata. Ni dada mchapakazi, hukagua vyoo na vyombo vya maji nyumba kwa nyumba. Alimsalimia mama, akazunguka nyuma, akarudi na uso mwingine.

"Dada, kule nyuma kuna ndoo."

"Ni yangu."

"Ina mbu."

"Bado si mbu. Ni viluwiluwi."

"Vimetoka wapi? Hapa kwetu sijaviona tangu mwaka uanze."

Nilitafuta jibu lingine, sikulipata. "Nimeviagiza Pasua."

Alikaa kwenye benchi. Alifungua daftari lake, akalifunga. "Watu wakitoka mjini huleta mikate," alisema polepole, "huleta sukari. Wewe umeleta mbu."

Mama hapo ndipo alipoingilia, na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akimtetea samaki. Alisema, "Ni chakula cha mgonjwa wetu. Njoo umwone." Yeye mwenyewe alikuwa hajamwona bado, lakini alitangulia stoo kwa kupapasa ukuta, na mhudumu akamfuata. Nilidondosha viluwiluwi kumi. Samaki alisimama, akapima, akamrukia wa kwanza kama paka. Mhudumu alihesabu kwa sauti. Ilipofika saba alikuwa amechuchumaa, pua karibu na kioo, akimwonyesha samaki kwa kidole yule aliyejificha kwenye kona. Alituruhusu kuendelea kwa sharti moja, kwamba ndoo ifunikwe kwa chandarua. Nilikata kipande cha chandarua kikuukuu nikakishona kwa mpira, kikakaa vizuri sana. Ndicho chandarua pekee nilichowahi kushona kwa ajili ya kuwazuia mbu wasitoke.

Jicho la mama lilifunguka taratibu, kama pazia linalovutwa na mtu asiye na haraka. Siku moja mchana alikuwa ananisubiri stoo nimalize kulisha kuku, akaniita.

"Ana bluu," alisema.

"Nani?"

"Huyu. Ana bluu mgongoni na nyekundu mkiani. Hukuniambia ana rangi."

Sikuwa nimemwambia kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimeliona hilo, maana mtu unayemwangalia kila siku humwoni akibadilika. Tulisimama pale wawili. Mapezi yalikuwa yameanza kushuka, membamba. Mama alimwangalia muda mrefu, kisha akasema kitu cha kumhurumia: yuko peke yake, mnyonge, hana ndugu. Nikamweleza kwamba hawa hawakai na ndugu, wakikutana wanapigana mpaka mmoja afe. Hakuniamini. Akatoa kioo chake kidogo cha mkononi, akakiegemeza kwenye tangi ili samaki apate mwenzake.

Samaki alijiona. Akavimba. Mashavu yalifunguka kama kola ya shati lililopigwa wanga, mapezi yote yakasimama, akawa mkubwa mara mbili, akaanza kumshambulia yule wa kwenye kioo. Mama alirudi nyuma hatua moja.

"Ameona nini?"

"Ameona ndugu yake."

Alitafakari. "Basi anatoka ukoo wetu," alisema. "Baba yako na baba yako mdogo walikuwa hivihivi kila wakikutana kwenye mpaka wa shamba letu la kihamba." Akaondoa kioo upesi.

Lakini samaki alinuna. Siku mbili hakula vizuri, alikaa kona ya mbali, na mama akaona ni kosa lake. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amevaa sweta, ametoka hadi kwenye uzio wa masale, ile mimea tunayoipanda mipakani, amekata jani moja la kijani. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akilipokea hawezi tena kukukatalia msamaha. Mama alilisuuza, akaliingiza tangini, akaliegemeza lifike karibu na uso wa maji. Sikucheka. Alikuwa hafanyi mzaha. Tuliondoka kunywa chai, na tuliporudi samaki alikuwa amelala juu ya jani, amejinyoosha ubavu, kama mzee kwenye kochi. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba samaki hawa wote hupenda kulalia majani. Sikumfikishia mama taarifa hiyo.

Mwezi wa tisa jicho la pili lilikuwa limeshafanyiwa kazi yake, na sare za muhula zilikuwa zinanisubiri mjini. Wiki nane za binti yangu zilikuwa zimepita zamani; alikuwa amerudi chuoni, na bwenini kwao tangi halikubaliwi. Nilipofunga mizigo, mama alikaa karibu na kabati la chipsi na kisahani chake cha kiini cha yai, maana bado alimpa kidogo kama kitafunwa.

"Huyu unamchukua?"

"Ndiyo, mama. Ni wa mjukuu wako."

"Kule Pasua utakuwa unashona."

"Ndiyo."

"Nani atakuwa anamwangalia mchana?"

Nilijibu kwamba atajiangalia. Mama aliendelea kuchovya kijiti, na mkono wake haukutetemeka, na jicho lake lilikuwa safi kabisa. Tulikuwa tumekaa miezi mitatu nyumba moja, mimi na yeye, baada ya miaka mingi ya kusalimiana kwa simu na kuulizana kuhusu ng'ombe. Niliufungua mzigo, nikatoa ile karatasi ya vipimo vya sketi yenye maelekezo, nikayanakili kwa herufi kubwa, nikambandikia ukutani. Binti yangu alinuna kwa wiki moja, kisha akaanza kumpigia bibi yake simu kila Jumapili, jambo ambalo mimi nilikuwa nimemwomba miaka yote.

Mwaka jana, katikati ya mchana, nikiwa kwenye cherehani, mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, samaki anatoa povu mdomoni."

Nilidhani anakufa. Nilimwambia asubiri, nikampigia binti yangu, akanielezea huku anacheka. Nikampigia mama tena. Nilimweleza kwamba si ugonjwa. Dume la beta likishakomaa hupuliza mapovu juu ya maji na kujenga kiota, tayari kwa kuoa.

Upande wa pili nilisikia kuku.

"Amejenga kabla hajaposa," alisema mama.

"Ndiyo."

"Hao wake wanapatikana wapi?"

Nilimweleza taratibu kwamba haitawezekana, kwamba dume akishamaliza shughuli humfukuza mke na kumpiga, na tangi lenyewe ni dogo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alisema basi kama ana tabia hiyo akae hivyohivyo na nyumba yake, yeye hawezi kumtafutia mtoto wa watu matatizo. Kisha akaniambia anakata simu, kuna kinamama wa kanisani wamekuja kuangalia povu.